Maswali yenu kuhusu Kilimanjaro: siku, tenti, baridi na wagumu (wabeba mizigo)

Salamu wapendwa wasomaji. Toka tugusie habari za kupanda mlima toleo lililopita meseji zimekuja nyingi kweli, na kilichonifurahisha ni kwamba nyingi zimetoka kwa Watanzania wenyewe wanaotaka kupanda, sio wale wa kuniuliza "hivi na sisi tunaruhusiwa?" Mi nimekulia Machame, nimebeba mizigo misimu kadhaa kabla sijapata leseni ya kuongoza, kwa hiyo haya ninayoyajibu nimeyatembea kwa miguu yangu. Nimechukua maswali sita, yaliyofanana nimeyaunganisha.

*

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi tuko nane, ofisi moja hapa Dar, tumepanga kupanda Kilimanjaro Desemba kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Mmoja katupa bei ya siku tano njia ya Marangu, mwingine siku sita hiyo hiyo Marangu, mwingine Machame siku saba. Wengi kwenye grupu wanataka zile tano maana hela na ruhusa ya kazini ni ishu, alafu vijana wetu wako fiti, mmoja anakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Hiyo siku moja ya ziada ina maana gani hasa? *Msomaji, Tegeta*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kuamua kwenda pamoja.

Ngoja nianze na huyo anayekimbia kilomita 10. Mazoezi ni mazuri, yatamsaidia miguu na yatamsaidia kushuka, lakini mlima huu haupandwi kwa pafu la kukimbilia. Pale kileleni Uhuru ni mita 5,895 na kila ukivuta pumzi unapata kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa hapo Tegeta. Mwili unaweza kuizoea hiyo hali, tena unazoea vizuri tu, ila unazoea kwa kulala huko juu usiku baada ya usiku, na hakuna mazoezi ya pwani yanayoweza kulala kwa niaba yako. Mtu mwenye kitambi aliyepewa siku saba nampa nafasi kubwa kuliko mwanariadha aliyepewa tano.

Sasa angalia hesabu ya Marangu. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu kambi ya Kibo, 4,720. Yaani kila siku mnapanda karibu mita elfu moja, alafu pale Kibo hamlali kabisa, mnafika mchana, mnakula, mnajilaza kidogo, saa tano usiku mnaamshwa chai, saa sita mnaondoka kwenda kileleni. Hiyo ndo siku tano. Ile ya sita inaongezwa Horombo: asubuhi mnatembea taratibu mpaka kwenye Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, mnakaa kidogo mnapiga picha, mnarudi kulala pale pale Horombo. Watu wanaiona siku ya bure, eti tumepanda tumeshuka tumerudi tulipokuwa, kumbe hiyo ndo siku inayowapeleka kileleni. Tunasema panda juu lala chini, na siri yote ya mlima iko hapo.

Machame nayo ni hivyo hivyo. Njia yenyewe imepangwa vizuri kwa sababu inawapandisha mpaka kwenye mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 na kitu, alafu jioni inawashusha kambi ya Barranco chini ya 4,000. Ila ukiifanya kwa siku sita unatoka Barranco asubuhi unapanda ule ukuta wa mawe, unapita kambi ya Karanga bila kulala, unafika Barafu, kambi ya mwisho, jioni umechoka, na usiku huo huo saa sita unaondoka kwenda kileleni. Ukiifanya kwa saba unalala Karanga. Mi nikimwambia mtu achague kati ya kulala Karanga na kununua jaketi jipya namwambia alale Karanga, jaketi ataazima.

Kuna kijana mmoja alikuja na wenzake, kifua kipana, mchezaji wa basketi. Siku ya kwanza pale Machame alifika kambini kabla hata ya mpishi wetu. Siku ya pili hivyo hivyo. Lava Tower nikamwona amekaa pembeni ya jiwe amegeuza uso, nikamuuliza vipi, akasema poa tu bro. Chakula hakugusa, akasema hapendi pilau. Tukafika Barafu jioni upepo unapiga, namuangalia anavaa viatu baada ya kutoka chooni, anashika kamba ya kiatu, anaiangalia, anaiachia, anaishika tena. Kamba ya kiatu, mtu mzima, dakika nzima hajaifunga. Nikamwambia simama utembee kuja kwangu, kisigino kigusane na vidole, hatua kumi. Ya tatu akayumba kama mlevi. Hatukusubiri asubuhi, mimi na msaidizi wangu mmoja tulimshika huku na huku tukashuka naye kwa tochi mpaka kambi ya Millennium, mita 3,800 hivi, na kulipokucha alikunywa uji vikombe viwili. Ndo akaniambia kichwa kilikuwa kinamgonga toka siku ya pili, ila aliona aibu kwa sababu wenzake walishamwita nahodha.

Kwa hiyo kabla hamjajadili bei, kaeni wote nane mkubaliane kwamba hakuna wa kuficha kichwa kinachouma. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, hamu ya kula kupungua ni kawaida, kuamka usiku pia. Kutapika mara kwa mara, kuyumba, kuchanganya maneno, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kukohoa mate yenye povu, hizo sio kawaida na dawa yake ya kwanza ni kushuka saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kuna vidonge vya Diamox watu wanavitumia, vinasaidia mwili kuzoea, vinakufanya ukojoe sana na vidole vinawasha washa. Muoneni daktari kwanza maana kuna wenye mzio wa dawa za salfa, na msivichukulie kama kibali cha kupunguza siku.

Desemba yenyewe inapandika, na kundi kubwa la Watanzania hupanda wiki ile ya tarehe 9 kwa kumbukumbu ya Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge usiku wa Uhuru mwaka 1961. Ila vuli huwa haijaisha vizuri, mtakuta matope msituni na pengine theluji huko juu, basi jipangeni kwa mvua. Na ruhusa ya kazini ombeni siku moja zaidi, mwambieni bosi hata kwa kukatwa likizo. Tofauti ya bei kati ya tano na sita ni ada za hifadhi za siku moja, chakula na posho za wabebaji, na kwa raia ada sio kama za wageni, beba tu kitambulisho chako cha NIDA.

*

SWALI: Habari. Naomba kujua vifaa. Nimeangalia bei za jaketi, slipingi begi na buti mtandaoni nikakata tamaa kabisa. Je, lazima ninunue vyote? Na kulala kwenye tenti kwenye baridi ile kunakuwaje, maana mimi wa Mwanza hata Iringa naona baridi. *Dada wa Nyegezi*

JIBU: Dada, usinunue kitu mtandaoni. Fika Moshi siku mbili kabla ya safari, nenda Soko la Memorial asubuhi mapema, mitumba iko hapo ya kila aina, jaketi za manyoya ya bata, suruali za kuzuia maji, glavu, kofia za sufu, na vijana wa pale wanajua kabisa hii ni ya mlimani hii ya mjini. Slipingi begi, fimbo na geita (vile vya kufunika buti na ugoko matope yasiingie) kodisha, Moshi mjini maduka ya kukodisha yako mengi. Ukikodi slipingi begi ifungue hapo hapo dukani, ivute zipu mpaka mwisho na uirudishe, ingia ndani yake na viatu umevua, maana zipu mbovu utaijua kambi ya Shira saa nane usiku na hakuna wa kumlalamikia. Iwe ya kuhimili nyuzi kumi chini ya sifuri au zaidi.

Kitu kimoja tu nakuomba ununue mapema na ukizoee: buti. Vaa sokoni, vaa kanisani, panda nazo vilima vya hapo Mwanza mwezi mzima. Buti mpya siku ya kwanza mlimani ni malengelenge siku ya pili.

Jeans acha nyumbani, na fulana za pamba pia usizitegemee, pamba ikilowa jasho haikauki na ndo inayokupa baridi ukisimama. Vaa tabaka tabaka: ya ndani nyepesi ya kukauka haraka, ya kati ya flisi, ya juu ya kuzuia upepo na mvua, na usiku wa kileleni unaongeza lile jaketi zito. Miwani ya jua na mafuta ya kujikinga na jua pia. Najua tunasema sisi weusi hatuungui, nimeona pua na midomo ya Waswahili wenzangu ikibabuka kwenye barafu, tunaungua vizuri tu.

Sasa usiku kwenye tenti. Jua likizama pale Shira, kama saa kumi na mbili na nusu, baridi inashuka kama mtu kafungua friji, na asubuhi utakuta tenti kwa ndani ina vitone vya maji au barafu nyembamba, hiyo ni pumzi yenu wenyewe imeganda. Kwa hiyo msizibe kila tundu, acheni zipu ya juu wazi kidogo hewa ipite. Kabla ya kulala mwombe mpishi akujazie chupa yako maji ya moto, ifunge vizuri, ivalishe soksi, iingize ndani ya slipingi begi miguuni. Itakupasha mpaka usiku wa manane na asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Simu, pawabenki na betri za tochi lala nazo humo ndani, baridi inamaliza chaji hata kama hujaitumia. Nguo za kesho nazo zikunje ziwe mto au ziweke ndani, utanishukuru ukizivaa. Na usilale na nguo ulizotembea nazo hata kama unaziona kavu, zina jasho.

Na chooni nenda kabla hujaingia kulala, hata kama huhisi. Kutoka kwenye slipingi begi saa tisa usiku, kutafuta kofia, tochi, kiatu cha kushoto, kufungua zipu mbili, unakuwa umeamka kabisa na usingizi hauji tena. Japo nikwambie, ukishatoka, inua macho. Kilele cha Kibo kikiwa na mwezi juu yake, nimekiona mamia ya mara na bado nasimama.

*

SWALI: Naogopa kuuliza mbele za watu. Nikiingia kwenye siku zangu mlimani inakuwaje? Na vyoo vikoje? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usiogope dada yangu, wanawake wengi wanapanda wakiwa kwenye siku zao na wanafika. Mabadiliko ya mwinuko na uchovu yanaweza kuzileta mapema au kuzichelewesha, kwa hiyo beba pedi hata kama tarehe haijafika. Beba pia mifuko ya zipu ile minene, pedi iliyotumika iweke humo ushuke nayo, usiitupe kwenye shimo la choo wala chini ya jiwe. Wet wipes zinafaa kujisafishia lakini nazo zinashuka na wewe.

Vyoo vya kambini ni vya shimo, vingine visafi vingine sio, na makundi mengi siku hizi yanabeba choo cha kubebeka chenye tenti yake ndogo, uliza kabla hujalipa kama kipo kwenye bei. Na kama muongozaji wako ni mwanaume mwambie wazi tu "leo niko kwenye siku zangu, nitahitaji kusimama simama". Muongozaji wa kweli atakuelewa na hatarudia hilo neno mbele ya mtu.

*

SWALI: Sisi tunapenda kempingi, tunakaa Arusha, tuna gari na tenti zetu. Tunaweza kwenda wenyewe Kilimanjaro tukapiga kambi, tukawasha moto jioni tukachoma nyama na gitaa? *Wana kempingi, Njiro*

JIBU: Hapana kwa yote mawili, na hili la moto naomba mnisome mpaka mwisho.

Kwanza, hauruhusiwi kupanda Kilimanjaro bila muongozaji mwenye leseni, awe mzungu awe Mchaga wa Marangu. Pili, moto wa kuni mlimani ni marufuku kabisa. Kupika ni kwa gesi, mtungi unapandishwa na unashushwa.

Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, pale sehemu ya kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na taarifa ya hifadhi ilisema ulitokana na watu waliokuwa wanapasha chakula. Kupasha chakula tu. Ilikuwa kiangazi, upepo, na lile eneo la juu ya msitu lina vichaka vya erika na majani makavu, yanashika kama petroli. Ukawaka zaidi ya wiki, wanakijiji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wabebaji, askari, kila mtu alipanda kwenda kupiga moto kwa matawi na majembe, na takribani kilomita za mraba 95 ziliungua. Mwaka 2022, Oktoba tena, ukawaka upande wa Karanga. Ukipita sehemu zilizoungua utaona mashina meupe yamesimama kama mifupa, na kule juu mti haukui haraka kama mgomba, ile miti mikubwa ya masinesio mnayoipiga picha Barranco inaongezeka urefu kidogo kidogo kwa miaka na miaka. Na vichaka vile na msitu ule ndo vinavyokamata ukungu na mvua inayoleta maji kwenye mifereji yetu huku chini, kwenye kahawa na migomba. Mama yangu anachota kwenye mfereji unaoanzia huko. Kwa hiyo nikiona mtu anatupa kichungi cha sigara kwenye njia ya Horombo, moyo unaniruka.

Kama mnataka gitaa na nyama, ziko kempingi nyingi za binafsi na za vijiji kuzunguka Moshi, Arusha na Lushoto ambako sehemu ya moto imejengwa kabisa. Kama mnataka hifadhi ya milima yenye njia za miguu na mnataka kwenda kwa gari lenu, nendeni Udzungwa, pale Mang'ula. Ndani hamna barabara, kila kitu ni kwa miguu na mnatembea na askari au muongozaji. Njia ya Sanje inawafikisha kwenye maporomoko ya mita 170 na mnaweza kuoga kwenye vidimbwi vyake. Kuna mbega wekundu wa Iringa na yule nyani wa Sanje, hawa wote wako milima hiyo tu duniani. Au Meru hapo hapo kwenu, siku nne, mnalala vibanda vya Miriakamba na Saddle, mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Nashangaa watu wa Arusha wanaouona Meru kila siku wakinywa chai na hawajawahi kufika hata Miriakamba.

*

SWALI: Nina watoto wawili, miaka 11 na 8. Wanataka kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo. Inawezekana? *Mama wa Dodoma*

JIBU: Mama, wa miaka 8 bado, walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Na huyo wa 11 mi kwa maoni yangu msubirini pia, mtoto hajui kueleza kichwa kinavyomuuma, anasema tu nimechoka nataka nyumbani.

Ila wapelekeni Mandara kwa siku moja, watafurahi mno. Mnaingia geti la Marangu asubuhi mapema, ni kama kilomita 8 kupanda msituni, mnakula mlichobeba, na kama wana nguvu dakika kumi na tano zaidi mnafika kreta ya Maundi ambako wanaona kilele cha Mawenzi upande mmoja na tambarare za Kenya upande mwingine. Wape kazi ya kutafuta njiani: kima, mbega wenye mikia mirefu myeupe, yale majani kama ndevu yanayoning'inia kwenye miti, na kiua kidogo chekundu chenye njano, kimejikunja kama mkonga wa tembo, hakioti mlima mwingine wowote. Anayekiona kwanza anapata biskuti. Wa miaka 8 akichoka mkiwa nusu ya njia geukeni, wala msimlazimishe. Siku inayofuata wapelekeni maporomoko ya Materuni.

*

SWALI: Kaka mambo. Nina miaka 21, nimemaliza kidato cha nne, nataka kuanza kubeba mizigo mlimani msimu ujao. Wenzangu wananitisha, wanasema utabeba mpaka shingo ivunjike na hulipwi. Nianzieje? *Kijana, Rombo*

JIBU: Poa mdogo wangu. Hili swali ndo limenifanya nichelewe kuandika, nilitaka nikujibu vizuri.

Kazi ni ya heshima, tunaitana wagumu na sio bure. Bila wagumu hakuna anayefika Uhuru, toka enzi za Hans Meyer mwaka 1889 ilikuwa hivyo, alipanda na watu waliombebea na kumuongoza. Lakini ina sheria, na wewe kama mgeni ndo wa kwanza kuonewa usipozijua.

Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Unapimwa getini kwenye mizani, na mizani ziko kambini pia. Ujanja ambao utaukuta: getini mnapimwa mko kumi na mbili kila mmoja kilo 20, mkishatembea nusu saa msituni wawili wanarudishwa nyumbani na mizigo yao inagawanywa kwenu. Nilifanyiwa hivyo mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa na ndoo ya mboga mkononi, tenti kichwani, begi langu mgongoni, mvua inanyesha na Machame ile ya zamani matope mpaka kwenye ugoko. Nilifika kambini saa mbili usiku, viganja vimekufa ganzi, siwezi kufungua hata zipu ya jaketi, mzee mmoja mpishi akanipa bakuli la uji wa tangawizi nikalishika tu bila kunywa mpaka vidole vikarudi. Ikitokea kwako usinyamaze, mwambie muongozaji mkuu mbele ya wenzako, na ukifika kambini omba mzigo upimwe.

Kabla hujakubali safari uliza mambo manne: posho kwa siku ni shilingi ngapi na inalipwa lini baada ya kushuka, tunakula mara ngapi kwa siku, tunalala kwenye tenti gani, na tipu inagawanywaje. Hilo la tenti usilipuuze. Makundi mengine wagumu wanalala kwenye tenti ya chakula ya wateja, maana yake wateja wakikaa kupiga stori mpaka saa nne nyinyi mko nje mnatetemeka mnasubiri waondoke mkalale. Kampuni nzuri ina tenti ya wagumu yenye sakafu.

Nguo ndo zinazoua wabebaji, sio mzigo. Usipande na raba za kariakoo na jaketi la bodaboda. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, wanaazimisha nguo za baridi na buti bure, unaacha kitambulisho unachukua unarudisha. Nenda ukajiandikishe mapema maana msimu ukichanganya, Juni mpaka Oktoba, zinaisha. Na wewe pia mwili wako unaumwa mlima kama wa mteja. Umezaliwa Rombo ndio, ila hujazaliwa mita 4,600. Kichwa kikigonga sema.

Hapa naomba na wasomaji wengine wasikie, hasa wale wa Tegeta. Mkipewa bei ya chini sana kuliko wengine wote, ada za hifadhi ni zile zile kwa kila kampuni, gesi ni ile ile, kwa hiyo kilichopungua ni posho ya huyu kijana, chakula chake na tenti yake. Pale Barafu hakuna maji. Hakuna mto hakuna bomba. Maji yote ya chai yenu, ya supu, ya chupa zenu za usiku wa kileleni, wagumu wanayachota kijito cha Karanga na kuyapandisha kichwani saa kadhaa. Mkifika Barafu jioni mkakuta beseni la maji ya uvuguvugu nje ya tenti la kunawia mikono, mjue lilikotoka, na jina la aliyelibeba muwe mnalijua toka siku ya kwanza. Tipu ya wagumu mkabidhini wenyewe mkononi, au tangazeni kiasi kwa sauti mbele ya wote siku ya kushuka.

Narudi kwako mdogo wangu. Begi lako mwenyewe weka: soksi pea nne, moja usiiguse mpaka Barafu, mfuko mzito wa kufunika slipingi begi isilowe, tochi ya kichwa na betri za akiba, kijiko, kikombe kikubwa cha bati, na kitambaa cha kukunja ngata. Ngata nzuri ndo shingo yako. Ikunje kwa kanga ya zamani ya mama, sio taulo jipya, taulo linateleza likilowa. Safari mbili za kwanza tembea nyuma ya mgumu mmoja mzoefu, angalia anapoweka mguu kwenye yale mawe ya Barranco na wapi anapumzisha mzigo bila kuushusha chini. Ukimaliza msimu huu niandikie tena, tuongee habari ya kozi ya uongozaji na kujifunza lugha, maana kidato cha nne unacho.